Ncha ya Kidole na Sikio: Mwanafunzi Asiyeona na Fasihi ya Kiswahili katika Miji ya Mlima Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mwanafunzi asiyeona, au mwenye uoni hafifu, anavyoifikia fasihi na sarufi ya Kiswahili katika eneo la Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya. Yanatoa hoja kwamba kikwazo kikuu si macho ya mwanafunzi bali ni umbo ambamo maarifa yamefungiwa: chapa, mchoro na picha. Baada ya kutalii kwa ufupi historia ya shule za wasioona katika eneo hili, makala yanachanganua jinsi Breli inavyoyabeba maneno, mashairi na michoro ya Kiswahili, na kubainisha pale inapotosha na pale inapohitaji msaada wa mwalimu. Mwisho, yanapendekeza hatua ambazo idara za Kiswahili zinaweza kuzichukua bila kungoja bajeti kubwa.

1.0 Utangulizi

Msemo kwamba elimu ni mwanga umekita mizizi katika Kiswahili kiasi kwamba hakuna anayeutilia shaka. Hata hivyo, msemo huu unaficha dhana moja inayostahili kudadisiwa: kwamba anayejua ni yule anayeona. Lugha yenyewe imejaa sitiari za aina hiyo. Mtu aliyeelewa jambo husemwa kwamba amefumbuliwa macho. Asiyejua kusoma huambiwa yumo gizani. Mwalimu anapotaka wanafunzi wamakinike huwaambia watazame. Sitiari hizi hazina ubaya zikibaki kuwa sitiari. Tatizo huzuka zinapogeuka kuwa mbinu ya kufundishia, ikawa kila kinachofunzwa lazima kipitie machoni.

Kwa mujibu wa sensa ya Kenya ya mwaka 2019, takriban asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi walikuwa na ulemavu wa aina fulani. Miongoni mwao, zaidi ya 330,000 walikuwa na ugumu wa kuona. Katika sensa hiyo, kaunti ya Embu, iliyoko kwenye mteremko wa kusini mashariki wa Mlima Kenya, ndiyo iliyorekodi kiwango cha juu zaidi cha watu wenye ulemavu nchini, yaani asilimia 4.4. Kwa hivyo, suala hili si geni wala si la mbali kwa wasomi wa eneo hili. Liko mlangoni.

Idadi hiyo haijumuishi kila mtu ambaye chapa humshinda. Kuna anayeona vyema lakini herufi humchanganya kwa sababu ya disleksia, na kuna ambaye mikono yake haiwezi kushika kitabu wala kufunua kurasa. Wote hawa, pamoja na wasioona, wanaitwa watu wenye ulemavu wa kusoma chapa. Makala haya yanamzingatia zaidi asiyeona, ingawa mengi yatakayosemwa yanawagusa hao wengine pia.

2.0 Istilahi na Mjadala Wake

Kabla ya kuendelea, ni vyema kuliangazia suala la istilahi, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili hawezi kulikwepa. Nomino za jadi kama vile kipofu, kiziwi, kiwete na kilema zina kiambishi ki- cha ngeli ya KI-VI. Kutokana na hilo, baadhi ya wasomi wameona kwamba lugha inamshusha mwenye ulemavu hadi kiwango cha kitu. Hoja hii ina uzito, lakini inahitaji kupimwa. Kwanza, nomino hizi huchukua upatanisho wa A-WA: husemwa kipofu anasoma, wala si kipofu kinasoma. Pili, kiambishi hicho hicho kinapatikana katika kijana, kinyozi na kiongozi, na hakuna anayedai kwamba kiongozi amedunishwa na ngeli yake. Kwa hivyo, dharau haitokani na kiambishi peke yake; inatokana na matumizi, yaani namna neno lilivyotumika kwa miaka mingi kumfafanua mtu mzima kwa kasoro moja ya mwili wake.

Ndiyo maana istilahi kama vile mtu asiyeona, mwenye ulemavu wa macho na mwenye uoni hafifu zimepata nguvu. Istilahi hizi zinamtanguliza mtu, kisha hali yake. Tofauti baina ya asiyeona na mwenye uoni hafifu si ya adabu tu bali ni ya kielimu. Mwenye uoni hafifu, wakiwemo wanafunzi wengi wenye ualbino, huenda akahitaji chapa ya herufi kubwa, mwanga ufaao na kiti cha mbele. Kumpa Breli mwanafunzi ambaye angeweza kusoma herufi kubwa ni kumkosea, sawa na kumnyima Breli yule anayeihitaji.

Kuhusu maandishi yenyewe, nchini Kenya neno lililozoeleka ni Breli, ilhali Tanzania hutumia pia maandishi ya nukta nundu. Istilahi hii ya pili ina faida ya kueleza kitu kinavyohisika mkononi. Makala haya yanatumia Breli kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi katika shule zinazojadiliwa.

3.0 Shule na Njia ya Kuuzunguka Mlima

Historia ya elimu rasmi ya wasioona nchini Kenya huanza mwaka 1946, pale Jeshi la Wokovu lilipoanzisha shule mjini Thika. Shule hiyo ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini, na baadaye ilifuatwa na shule ya sekondari ya wasioona katika mji huo huo. Upande wa mashariki wa Mlima Kenya, Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya wasioona ya Mtakatifu Lusia huko Igoji, katika eneo la Meru, mwishoni mwa miaka ya 1950. Jina hilo halikuchaguliwa kwa bahati: katika mapokeo ya Kikatoliki, Mtakatifu Lusia, anayeadhimishwa tarehe 13 Desemba, ndiye msimamizi wa wenye maradhi ya macho. Katika nchi jirani ya Tanzania, Kanisa la Kianglikana lilikuwa limefungua shule ya wasioona huko Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Inadhihirika basi kwamba mwanzo wa elimu hii katika Afrika Mashariki ulikuwa mikononi mwa makanisa, na serikali ilikuja baadaye.

Baada ya uhuru, tume kadhaa zilitoa mapendekezo kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu: Tume ya Ominde na kamati ya Ngala Mwendwa mwaka 1964, ripoti ya Gachathi mwaka 1976, ya Kamunge mwaka 1988 na ya Koech mwaka 1999. Mnamo mwaka 1984, vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa, na mwaka 1986 Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ikaundwa ili kuwafunza walimu. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, milango ya shule za kawaida ilifunguka zaidi. Sera ya elimu maalumu ya mwaka 2009 na sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu zilisisitiza kwamba mtoto asome karibu na nyumbani pale inapowezekana.

Maneno hayo, karibu na nyumbani, yana uzito wa pekee katika eneo la Mlima Kenya. Mtoto asiyeona aliyezaliwa Othaya, Mukurweini au Tetu, akihitaji shule maalumu, ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuteremka hadi Thika, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini Nyeri. Ya pili ni kuuzunguka mlima hadi Igoji. Akipita kusini, atavuka Karatina, Embu, Runyenjes na Chuka; akipita kaskazini, atavuka Naro Moru, Nanyuki, Timau, Meru na Nkubu. Vyovyote vile, mtoto wa umri mdogo huenda bweni, akatengana na wazazi na lugha ya nyumbani. Huko bwenini hukutana na watoto wa Kimeru, Kiembu, Kikamba na wengineo, na Kiswahili ndicho huwaunganisha. Kwa mwanafunzi huyu, Kiswahili si somo la mtihani peke yake. Ni lugha ya kuombea chumvi mezani na ya kuulizia njia.

Tangu muongo wa 2010, eneo hili limepata vyuo vikuu kamili kadhaa: Dedan Kimathi mjini Nyeri, Karatina, Kirinyaga, Embu, Chuka na Meru. Kijana aliyemaliza shule huko Igoji au Thika anaweza kuwania shahada akiwa kwenye miteremko ya mlima huu huu. Swali linalobaki ni iwapo atakapofika katika darasa la fasihi ya Kiswahili atavikuta vitabu vinavyosomeka kwake.

4.0 Breli na Umbo la Kiswahili

4.1 Seli, Herufi na Unene wa Kitabu

Breli ilibuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809 na kupoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mdogo. Alikuwa na umri wa miaka 15 alipokamilisha mfumo wake mwaka 1824, na akauchapisha mwaka 1829. Msingi wake ni seli yenye nafasi sita za nukta, tatu kwa mbili. Mpangilio wa nukta hizo huzaa maumbo 63, mbali na seli tupu inayotumika kutenganisha maneno.

Kiswahili kina bahati katika mfumo huu, kwani tahajia yake inafuata matamshi na alfabeti yake ni ya Kirumi. Mwanafunzi akishajifunza herufi, anaweza kusoma neno lolote. Hata hivyo, lugha hii ni ambishi bainishi, na neno moja linaweza kubeba sentensi nzima. Kiswahili kikiandikwa bila vifupisho, kila herufi huchukua seli moja: neno anayewasomea huchukua seli 12, na ng'ombe seli 7, ikiwemo ya ritifaa. Breli ya Kiingereza yenye vifupisho huandika neno "the" kwa seli moja tu.

Hesabu ifuatayo inaonyesha matokeo yake. Tuseme ukurasa wa riwaya una maneno 300, na kila neno lina wastani wa herufi 6 na nafasi moja. Hizo ni seli 2,100. Ukurasa wa Breli wenye mistari 25 ya seli 40 unabeba seli 1,000 tu. Hivyo, ukurasa mmoja wa chapa huzaa kurasa mbili na zaidi za Breli, na riwaya ya kurasa 200 hupita kurasa 400 za karatasi nzito, zisizoweza kubanwa sana bila kuzilaza nukta. Kitabu ambacho mwanafunzi mwingine anakitia mfukoni hugeuka kuwa majalada kadhaa ya kubebwa kwa mikono miwili. Mwanafunzi akiambiwa arejelee sura ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja ili alinganishe mhusika, analazimika kufunua majalada mawili tofauti. Kazi hiyo humla muda, na muda ndio unaopungua katika chumba cha mtihani. Kwa sababu hiyo, muda wa ziada anaopewa mtahiniwa asiyeona haufai kuonwa kuwa hisani. Ni fidia ya hesabu iliyotajwa hapa.

4.2 Shairi la Arudhi chini ya Kidole

Mfano wa mshororo mmoja uliobuniwa kwa ajili ya makala haya utasaidia: Mwanafunzi wa mlima, kitabu anakingoja. Mshororo huu una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao. Ukiandikwa kwa Breli isiyo na vifupisho, pamoja na alama ya herufi kubwa na kituo cha mwisho, unachukua seli 40 kamili. Kwenye karatasi pana unaujaza mstari wote. Kwenye karatasi nyembamba zaidi lazima ukatike na kuendelea katika mstari wa pili.

Jambo hili si dogo. Mwanafunzi anayeona hulitambua umbo la shairi hata kabla ya kusoma neno moja: anaziona safu mbili za vipande, anaona beti zilivyopangika, na anajua kwamba hii ni tarbia au takhmisa. Kidole hakina mtazamo wa jumla wa aina hiyo. Kinasoma seli baada ya seli, na kikikuta mstari umekatika, lazima kijue iwapo huo ni mshororo mpya au ni mwendelezo wa ule uliotangulia. Kanuni iliyozoeleka ya unukuzi wa mashairi ni kuanzia mshororo mpya kwenye seli ya kwanza na kuusogeza mwendelezo hadi seli ya tatu. Mwalimu asiyeijua kanuni hii anaweza kudhani kwamba mwanafunzi wake amekosea kuhesabu mishororo, ilhali ni mnukuzi aliyekosea kuipanga.

Kwa upande mwingine, arudhi ya Kiswahili inampa mwanafunzi asiyeona silaha ambayo chapa haiwezi kumnyang'anya, nayo ni sikio. Vina na mizani ni mambo ya sauti kabla ya kuwa mambo ya ukurasa. Shairi la jadi lilitungwa liimbwe na likaririwe. Anayeusikia ubeti ukighaniwa hutambua kituo cha ukwapi, hutambua kina cha kati na cha mwisho, na huweza kuhesabu mizani kwa vidole vyake bila kuuona mstari. Mwalimu anayetaka kufunza bahari za ushairi kwa haki basi na aghani kwanza, kisha ndipo aandike ubaoni. Mbinu hii haimfaidi asiyeona peke yake. Wanafunzi wote waliozoea kuhesabu mizani kwa kalamu watajifunza kuisikia.

4.3 Shairi Huru na Picha ya Ukurasa

Mgogoro baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko katika ushairi wa Kiswahili umejadiliwa mno tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974. Hoja zake zimekuwa za uhuru wa msanii, utambulisho wa Kiswahili na athari za kigeni. Hoja ya ufikiaji haijapewa nafasi, nayo inaugeuza mjadala kwa namna ya kuvutia.

Mfano ulio karibu ni Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, mashariki mwa Mlima Kenya. Tamthilia yake ya Kifo Kisimani iliwahi kutahiniwa katika shule za sekondari nchini. Katika diwani zake, zikiwemo Mchezo wa Karata ya mwaka 1997 na Bara Jingine ya mwaka 2001, mpangilio wa maneno kwenye ukurasa ni sehemu ya maana. Neno linaweza kuteremka herufi kwa herufi, au mishororo ikapangwa ikafanya umbo. Mbinu hii ni ya jicho. Mnukuzi wa Breli akiyapanga maneno hayo kwa mstari mnyoofu, maana iliyomo katika umbo imepotea. Akijaribu kuliiga umbo, nafasi tupu zitakuwa nyingi hata kidole kikapotea njia.

Je, hii ina maana kwamba shairi la kuonwa halifai? La hasha. Kinachohitajika ni maelezo mafupi ya mnukuzi kabla ya shairi, yanayosema bila kufasiri: herufi za neno hili zimepangwa zikiteremka kutoka kushoto kwenda kulia. Mwanafunzi akipewa maelezo hayo anaweza kufanya kazi ya uhakiki mwenyewe. Akinyimwa, ataulizwa swali la mtindo ambalo hana namna ya kulijibu, kisha atahukumiwa kuwa hajui fasihi. Ikumbukwe pia kwamba mnukuzi akizidisha maelezo na kuanza kueleza maana ya umbo, atakuwa amemwandikia mwanafunzi jibu la mtihani. Mpaka baina ya kueleza na kufasiri ndio kiini cha unukuzi mzuri.

Katika utamaduni wa eneo hili hili upo mfano wa kale unaothibitisha kwamba matini si lazima iwe karatasi. Wagikuyu walikuwa na gĩcaandĩ, kibuyu kilichochorwa alama kwa kuchanjwa, ambacho manju alikishika na kukitikisa huku akighani ubeti wa mafumbo na kujibizana na mwenzake. Kimani Njogu ameuchunguza utanzu huu sambamba na kujibizana kwa washairi wa Kiswahili. Hapa palikuwa na fasihi iliyoshikwa, iliyosikika na iliyoonwa kwa pamoja. Kuibana fasihi katika chapa pekee ni mazoea ya juzi.

5.0 Sarufi, Michoro na Alama

Mara nyingi hudhaniwa kwamba somo la Kiswahili, tofauti na hisabati au jiografia, halina michoro. Dhana hii si sahihi. Mwanafunzi wa sekondari huagizwa kuchanganua sentensi kwa matawi, kwa jedwali au kwa mishale. Mwanafunzi wa chuo huchorewa ala za sauti, huku ulimi, ufizi na kaakaa vikionyeshwa kwa mistari.

Mchoro wa matawi unaweza kutengenezwa kwa mistari iliyoinuka kwenye karatasi, lakini kuuchora upya katika mtihani kwa mashine ya Breli ni muhali. Njia mbadala ipo, nayo imetumika na wanaisimu kwa miaka mingi: mabano. Sentensi Mwalimu alinunua kitabu itaandikwa hivi:

[S [KN [N Mwalimu]] [KT [T alinunua] [KN [N kitabu]]]]

Kila kilichomo katika mchoro wa matawi kimo katika mstari huo. Kila fundo lina jina lake, na kila bano linalofungwa linaonyesha tawi lilipoishia. Mtahini anayeipa njia hii alama pungufu kwa kisingizio kwamba si mchoro anapima uchoraji, wala hapimi sintaksia. Ingefaa swali lenyewe liulizwe hivi: bainisha muundo wa sentensi kwa njia yoyote ifaayo.

Kuhusu ala za sauti, kielelezo bora zaidi ni kinywa cha mwanafunzi mwenyewe. Ncha ya ulimi ikigusa ufizi kwa /t/, midomo ikikutana kwa /b/, mkono ukiwekwa kooni kuhisi mtetemo wa /z/ unaokosekana katika /s/: haya ni mafunzo ambayo hayahitaji picha. Alama za fonetiki za kimataifa nazo zina Breli yake, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1934 na kufanyiwa marekebisho na Robert Englebretson mwaka 2008. Mhadhiri anayefunza fonolojia anaweza kumpatia mwanafunzi wake orodha hiyo mwanzoni mwa muhula, badala ya kumwambia aziruke alama.

6.0 Sauti ya Kompyuta

Teknolojia imepunguza uzito wa majalada. Kifaa kama Orbit Reader 20, ambacho kimesambazwa katika shule kadhaa nchini Kenya, hubeba vitabu vingi katika kadi ndogo na kuvionyesha kwa seli 20 zinazoinuka na kushuka. Kwa mshororo uliotajwa hapo awali, kifaa hicho huonyesha takriban kipande kimoja kwa wakati mmoja. Aidha, programu za kusoma skrini kwa sauti, kama vile NVDA iliyoanza kutengenezwa mwaka 2006 na inayotolewa bila malipo, zimemwezesha mwanafunzi asiyeona kuandika na kusahihisha kazi yake mwenyewe.

Hata hivyo, sauti hizo zinahitaji kuelekezwa. Programu iliyowekwa kwenye sauti ya Kiingereza itayasoma maneno wale, pale, wake na mate kana kwamba ni ya Kiingereza, na msikilizaji atapoteza mkondo wa sentensi. Sauti ya Kiswahili ipo katika eSpeak, kitengo cha usemaji kinachotumiwa na NVDA. Matamshi yake ni makavu, lakini yanafuata irabu za Kiswahili. Kubadilisha mpangilio huo huchukua dakika chache, ila mwanafunzi asipoonyeshwa anaweza kusoma Kiswahili kwa lafudhi ya kigeni kwa miaka minne nzima.

Kikwazo kikubwa zaidi kimo katika tabia ya kawaida ya vyuo: kupiga picha sura ya kitabu na kuisambaza kama faili. Kwa anayeona, faili hiyo ni maandishi. Kwa programu ya kusoma skrini, ni picha tupu isiyo na neno hata moja. Mwanafunzi hulazimika kumwomba mwenzake amsomee usiku, au kuipitisha faili katika programu ya kutambua herufi, ambayo hukosea zaidi pale nakala inapokuwa hafifu. Mhadhiri aliyeziandika tini zake kwa kompyuta, kisha akazichapisha na kuzitoa nakala za karatasi, tayari alikuwa na kile mwanafunzi alichokihitaji. Hakumpa tu.

7.0 Sheria na Njaa ya Vitabu

Kisheria, msingi umewekwa. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inaiagiza serikali kuendeleza lugha za kiasili, Lugha Ishara ya Kenya na Breli. Na katika Kifungu cha 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu na kutumia Breli au njia nyingine ifaayo ya mawasiliano. Inastahili kuzingatiwa kwamba Katiba inaitaja Breli katika kifungu cha lugha, jambo linaloifanya kuwa sehemu ya wajibu wa wanalugha, si wa madaktari na wahisani pekee. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 nayo ilibadilishwa na sheria mpya mwaka 2025.

Muungano wa Wasioona Duniani umekuwa ukikadiria kwamba chini ya asilimia 10 ya vitabu vinavyochapishwa hupatikana katika maumbo yanayofikika, na hali katika nchi zinazoendelea ni mbaya zaidi. Hali hii imepewa jina la njaa ya vitabu. Ili kuikabili, Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa mwezi Juni mwaka 2013. Mkataba huu unaruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutoa nakala za Breli, za sauti au za herufi kubwa bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki, na kubadilishana nakala hizo kuvuka mipaka. Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, Uganda mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2020.

Kwa Kiswahili, maana yake ni kubwa kuliko kwa lugha nyingine yoyote ya eneo hili. Riwaya iliyonukuliwa mara moja jijini Dar es Salaam inaweza kusomwa Igoji, na diwani iliyonukuliwa Thika inaweza kusomwa Zanzibar, bila kazi kurudiwa. Lugha inayovuka mipaka sasa ina sheria inayoiruhusu Breli yake kuivuka pia. Hata hivyo, mkataba haunukuu kitabu. Lazima awepo mtu anayejua vitabu vipi vinahitajika, anayejua shairi hupangwaje, na anayeweza kusahihisha nakala. Mtu huyo hana budi kuwa mwanafunzi au mwalimu wa Kiswahili.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na uchanganuzi huu, makala yanapendekeza yafuatayo:

Kwanza, orodha ya vitabu vya kila kozi itolewe kabla ya muhula kuanza. Mwanafunzi anayeona anaweza kununua kitabu wiki ya pili. Asiyeona anahitaji miezi ili kinukuliwe.

Pili, wahadhiri watoe tini zao kama faili za maandishi, si picha, na waonyeshe vichwa na vijisehemu waziwazi.

Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vianzishe makundi ya kusahihisha matini zilizotambuliwa na kompyuta. Kazi hii inahitaji ujuzi wa tahajia ambao wanachama wanao tayari, na ni zoezi zuri la uhariri.

Nne, mashairi yaghaniwe na kurekodiwa, kila ubeti ukitajwa nambari yake, ili mwanafunzi aweze kuurejelea katika insha.

Tano, maswali ya mtihani yakaguliwe kabla ya kutolewa, ili picha na mchoro viwe na maelezo au swali mbadala lenye uzito sawa. Uzito sawa usisahauliwe: kumpa asiyeona swali jepesi ni njia nyingine ya kumtenga.

Sita, wanafunzi wa ualimu wa Kiswahili wafunzwe angalau kuitambua Breli. Mwalimu atakayepelekwa Nanyuki au Kerugoya huenda akampata darasani mwanafunzi mmoja asiyeona, na mmoja huyo ana haki ya kusahihishwa kazi yake na mtu anayeweza kuisoma.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba fasihi ya Kiswahili, kwa asili yake ya kughaniwa na kusikilizwa, si ngeni kwa asiyeona. Ugeni umeletwa na mazoea ya kuifungia katika chapa. Yameonyesha pia kwamba mengi yanayoonekana kuwa mipaka ya mwanafunzi ni mipaka ya maandalizi: mshororo uliopangwa vibaya, mchoro ambao ungeandikwa kwa mabano, faili ambayo ingetumwa kama maandishi. Shule za Thika na Igoji zimefanya kazi yao kwa miongo mingi, na wanafunzi wake wanawasili katika vyuo vikuu wakiwa na Kiswahili kilichoiva bwenini. Deni lililobaki ni la idara zinazowapokea. Uchunguzi zaidi unahitajika kuhusu vifupisho vya Breli ya Kiswahili na jinsi vinavyoathiri kasi ya usomaji, na ingekuwa vyema kazi hiyo ifanywe na watafiti ambao wenyewe husoma kwa vidole.